Mpima Makaa wa Hallam

Mchungaji, shemeji yangu Thelma, watoto na wajukuu, wageni wetu mliotoka Montpelier, na ninyi watu wa Hallam mliopanda mlima huu katika tope la mwezi Mei ili kumsindikiza ndugu yetu, ahsanteni kwa kufika. Mimi ni Elwin Cutting, mdogo wake marehemu, na ndiye niliyepewa kazi ya kusoma historia hii kwa niaba ya familia. Tarehe zote zimeandikwa na Lorraine, binti wa marehemu, ambaye hajawahi kukosea tarehe, na mengine yote nimeyaandika mimi, ila popote mtakaposikia jina la Elwin humu ndani mjue nimemwandika kama mtu mwingine, kwa sababu kila nilipojaribu kuandika "mimi" mkono uligoma. Nilimwomba shemeji atafute msomaji mwingine, akanijibu huku akikata pai, bila hata kuinua uso, "Elwin, ulisimama mbele za watu ukamteua miaka arobaini na mitatu, huwezi kushindwa kusimama mara moja ukamsoma." Wenyeji wanaelewa alichokisema, na wageni wataelewa tukifika huko.

Marehemu Orrin Leland Cutting alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 9 Novemba 1921, hapa Hallam, katika chumba cha nyuma cha nyumba ile ile ambamo shemeji analala mpaka leo, akiwa mtoto wa kwanza wa Bwana Merritt Cutting na Bibi Addie, na kwa kuwa theluji iliwahi mwaka ule, daktari alifika kesho yake, akamkuta mtoto ameshanyonya na mama yuko jikoni anakanda unga. Mwaka 1925 alizaliwa Elwin, na baada ya hapo Mungu hakuongeza mwingine, wakawa ndugu wawili tu, kitanda kimoja, na koti moja la baridi lililoanzia kwa mkubwa na kuishia kwa mdogo likiwa na viraka.

Alianza masomo mwezi Septemba 1927 katika shule ya chumba kimoja iliyokuwa kando ya kijito, mwalimu mmoja na madarasa manane, na tangu akiwa na miaka tisa alipewa kazi ya kutangulia asubuhi kuwasha jiko la kuni, ili wenzake wakifika wakute pana joto. Mwaka 1935 alijiunga na shule ya sekondari katika mji wa jirani, akawa anapata alama nzuri hasa za hesabu na historia, lakini tarehe 11 Februari 1938 mti uliangukia mguu wa baba yetu, na Jumatatu iliyofuata Orrin hakurudi shuleni, akabaki na ng'ombe. Hakuna aliyemwambia abaki. Elwin alimaliza sekondari mwaka 1943 kwa sababu kaka yake hakumaliza, na katika miaka yote iliyofuata, hata ile mibaya, Orrin hakumkumbusha jambo hilo hata mara moja.

Mwezi Oktoba 1942 aliitwa jeshini, Elwin akaachwa nyumbani kwa ajili ya baba na mifugo, na marehemu akapelekwa Italia, si kwa bunduki bali kwa sufuria, maana alikuwa mpishi wa kikosi, akipakua supu kwenye matope na kwenye mvua kwa watu waliokuwa hawajui kama watakula tena jioni. Alirudi tarehe 20 Novemba 1945 akiwa mkimya zaidi ya alivyoondoka, mkononi ana begi moja na upawa wa jeshi ambao sijui aliutoaje, na upawa huo umetundikwa juu ya jiko lao hadi hivi leo. Mtu akimwuliza habari za vita alikuwa akisema, "Kule kila mtu alipata upawa mmoja, awe jenerali awe mchimba mashimo," halafu anabadilisha mazungumzo.

Kwa kazi marehemu alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, ishirini na wawili kwa wingi wao, na kila Machi akigema utomvu wa miti na kuuchemsha hadi uwe mzito na mtamu, ndiyo asali yetu ya hapa, kazi ambayo yeye na Elwin waliifanya pamoja katika banda moja, mmoja akichochea moto na mwingine akimimina, na walikuwa wakiimba, jambo ambalo vijana wa hapa hawawezi kuliamini kwa kuwa waliwakuta hawasemezani.

Tarehe 14 Juni 1947, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na Bi. Thelma Rugg katika kanisa hili hili, Elwin akiwa msimamizi wake, na Jumanne ya kwanza ya Machi iliyofuata, kwenye Mkutano wa Mji, ambao kila mwaka wananchi wote hukaa kupiga kura na kugawana kazi za mji, wakamfanyia mzaha wa kawaida wa maharusi, wakamchagua kuwa msimamizi wa nguruwe, kazi ambayo hata wakati huo haikuwa na nguruwe wala usimamizi. Orrin alisimama, akaapa kwa sauti, kisha akauliza, "Nguruwe mwenyewe ni nani kati yenu, nianze naye leo?" na mkutano ukavunjika kwa kicheko. Mungu aliwajalia watoto wawili, Lorraine aliyezaliwa tarehe 3 Aprili 1949, na Dale aliyezaliwa tarehe 27 Agosti 1952, na ameacha wajukuu watano na kitukuu mmoja ambaye ndiye huyo mnayemsikia akilia badala yetu.

Sasa naingia katika utumishi wake. Alikuwa mjumbe wa halmashauri ya mji kuanzia mwaka 1951, katibu wa chama cha Republican hapa Hallam, chama chenye wanachama waliotosha jikoni kwa Bibi Addie, na mwezi Julai 1960 alikwenda Chicago kwenye mkutano mkuu wa taifa akiwa mjumbe wa akiba. Elwin alimkamulia ng'ombe siku tisa. Aliporudi watu walimzunguka dukani kumwuliza aliona nini, akawaambia kwamba katika siku zote zile alikaa kwenye kiti cha mjumbe kamili kwa dakika arobaini tu, mwenye kiti alipokwenda kula, na katika dakika hizo hakikupigiwa kura kitu chochote isipokuwa shukrani kwa bendi ya tarumbeta. "Nikapiga ndiyo," akasema, "na bendi ikapita kwa kishindo."

Kabla ya hapo, mwezi Novemba 1958, watu wa Hallam walikuwa wamemchagua kuwa mbunge wao katika Bunge la jimbo kule Montpelier, wakamrudisha mwaka 1960, 1962 na 1964. Enzi hizo kila mji ulikuwa na mbunge mmoja, uwe mkubwa uwe mdogo, na ndivyo ilivyokuwa tangu babu wa babu zetu. Hallam tulikuwa watu arobaini na saba, tukiwa na mbunge mmoja, na mji mkubwa kuliko yote kule ziwani ulikuwa na watu elfu thelathini na tano, nao una mbunge mmoja. Orrin alikaa kiti namba 88, mwenye kiti cha 89 akiwa ndiye mbunge wa mji huo mkubwa, mzee mmoja mpole aliyekuwa akija na mikoba miwili ya barua za wananchi wake, na Orrin alikuwa akija na barua moja, mara nyingi ikiwa ya Elwin. Katika miaka saba alizungumza bungeni mara mbili, mara ya kwanza kutetea vifuniko vya ndoo za utomvu, na mara ya pili kuomba dirisha lifungwe.

Halafu ukafika mwaka 1965. Mahakama ilikwisha kuamua kwamba viti vigawanywe kwa hesabu ya watu, na Bunge likatakiwa lenyewe lipige kura ya kujikata, maana yake mbunge wa Hallam alitakiwa asimame akifute kiti cha Hallam. Tarehe 2 Machi 1965, katika Mkutano wa Mji, watu thelathini na mmoja, bila kumhesabu mbunge mwenyewe, wakiwa ndani ya ukumbi huu wa chini, Elwin alisimama na kutoa hoja kwamba mbunge wetu aagizwe kupiga kura ya hapana. Niseme ukweli, kwa kuwa shemeji amekaa hapa mbele na ananitazama. Elwin aliupenda mji huu, hilo ni kweli, lakini pia alikuwa akijua kwamba Orrin hatagombea tena, na alikuwa amekwisha kushonesha suti ya kwendea Bungeni yeye mwenyewe. Mikono ishirini na minane ilipanda juu. Thelma hakunyoosha, na wazee wawili waliokuwa wamesinzia hawakunyoosha.

"Kaka, umesikia lakini?" Elwin akamwuliza kwa sauti ili wote washuhudie.

"Nimesikia."

"Watu wako ndio hao. Hapana, siyo?"

"Nimesikia, Elwin," akasema marehemu, akavaa kofia yake akaenda kukamua. Nasi tukapiga makofi, tukidhani tumeahidiwa.

Ijumaa moja ya mwezi Mei mwaka huo watu watano wa Hallam walisongamana katika gari la Elwin wakaenda Montpelier, wakakaa juu kwenye roshani ya wasikilizaji. Majina ya miji yaliitwa moja moja. Wapo wanaume wazima waliosema ndiyo huku machozi yanawatiririka, wapo waliosema hapana kwa kupiga meza, na lilipoitwa jina la Hallam Orrin alisimama wima, jambo ambalo halikuwa la lazima, akasema, "Ndiyo." Hakulia wala hakupiga meza. Alilisema jinsi anavyosema mtu anayeulizwa kama amefunga zizi.

Elwin alimsubiri kwenye ngazi za nje, na alichomwambia kilikuwa neno moja, "Umetuuza." Orrin alimtazama, akawatazama wale wanne nyuma yake, mmoja baada ya mwingine, akauliza, "Nyie mmekula? Maana mwendo ni mrefu." Alikuwa na mikate iliyojazwa nyama ambayo Thelma alimfungia. Hakuna aliyenyoosha mkono kupokea, wakarudi na njaa maili themanini.

Kiti cha Hallam kikafa. Tukaunganishwa na miji minne, na tangu siku hiyo hakuna mtu wa mlima huu aliyekaa Montpelier, si Elwin na suti yake, si mwingine yeyote. Na Elwin aliacha kusema na kaka yake. Mashamba yalipakana, ng'ombe walisalimiana kwenye uzio, wenyewe hawakusalimiana. Banda la kuchemshia asali likagawanywa, moto ukawa wa mmoja na sufuria za mwingine, na mwaka uliofuata likabomoka kwa uzito wa theluji kwa kuwa kila mmoja alisubiri mwenzake apande kulisafisha.

Tarehe 1 Machi 1966, mkutano ulipofika kwenye zile nafasi za zamani ambazo bado ziko kwenye vitabu vyetu, mkagua uzio, mpima mbao, mpima makaa ya mawe, Elwin alinyanyuka. Naomba wageni waelewe kwamba Hallam haijawahi kuwa na makaa ya mawe, hapa kila nyumba inachoma kuni. Akasema, "Mheshimiwa mwenyekiti, namteua Orrin Cutting kuwa mpima makaa, maana ni mtu anayejua sana kupima uzito wa mambo." Ukumbi ulicheka, na hakikuwa kile kicheko cha nguruwe. Mwenyekiti akauliza kama mteuliwa anakubali, tukamgeukia tuone atatoka kwa hasira au vipi.

"Nakubali," akasema Orrin, akasogea mbele, akainua mkono wa kulia akaapa.

Basi ikawa hivyo kila mwaka. Elwin anateua, mwenyekiti anauliza, Orrin anakubali, na hayo ndiyo maneno pekee yaliyopita kati ya ndugu wawili kwa mwaka mzima, tena kupitia mdomo wa mtu wa tatu.

Lakini yule aliyepewa mzaha hakuufanya mzaha. Mwezi Oktoba 1966 alipata mizani kuukuu ya kiwanda cha siagi kilichofungwa, hii hapa mnayoiona juu ya meza ya maua, akaipakia kwenye gari akapita nyumba kwa nyumba. Anabisha, anavua kofia, anasema, "Habari za hapa, mimi ni mpima makaa wa mji, nimekuja kupima makaa yenu." Unamwambia hapa hakuna makaa, anasema kiapo kinamtaka ahakikishe mwenyewe, anaingia. Anatazama jiko, anatazama bomba la moshi, anatazama rundo la kuni nyuma ya nyumba, anakunywa kahawa akipewa, anakwenda zake. Mwanzoni watu walimcheka, wakamwita mheshimiwa kwa kejeli, kuna aliyempimisha kiazi. Alikipima. Akasema kiko pungufu.

Ilichukua miaka watu kutambua kwamba nyumba zenye kuni chache huamka asubuhi zikakuta kuni zimepangwa vizuri pembeni, zimepasuliwa saizi ya jiko lao lenyewe. Arlene Pike, ambaye siku hizi ndiye mwenyekiti wa mikutano yetu, ananiruhusu kusema kwamba baridi kali ya mwaka 1978, mumewe alipokuwa amelazwa na yeye ana watoto wawili na rundo la kuni lisilomaliza Krismasi, mpima makaa alipita, akatazama, akaenda zake, na rundo lile halikwisha mpaka Aprili. Alipomfuata kumshukuru Orrin alimjibu, "Mama, mimi napima makaa, habari za kuni usiniulize." Na kila Januari aliandika taarifa yake kwa ajili ya kitabu cha mwaka cha mji, baina ya taarifa ya barabara na taarifa ya makaburi, mstari mmoja usiobadilika, "Makaa yaliyopimwa mwaka huu, hakuna."

Tarehe 6 Septemba 1991 alifariki Doris, mke wa Elwin. Hawakuwa na mtoto. Elwin alifunga mlango akaacha kula vizuri, akaacha kuwasha jiko hata baridi ilipoingia, alikuwa akikaa na koti ndani ya nyumba akitazama kiti kilichobaki kitupu. Kila Oktoba kwa miaka ishirini na mitano nyumba hiyo peke yake mpima makaa hakuwahi kuingia, kwa kuwa mwenye nyumba alikuwa ameapa kumfungulia mbwa. Oktoba ile Orrin akabisha.

"Mimi ni mpima makaa wa mji."

"Huku hakuna makaa," Elwin akasema nyuma ya mlango.

"Lazima nihakikishe."

"Orrin, niache."

"Siwezi, nimekula kiapo. Tena uliyeniteua ni wewe, lawama usinitupie mimi. Fungua, mikono inaganda."

Akafungua. Orrin akaweka mizani yake mezani, akapiga magoti mbele ya lile jiko kama alivyokuwa akifanya shuleni alipokuwa na miaka tisa, akazoa majivu, akapanga vijiti, akawasha, akasubiri hadi moto ukashika, halafu akatafuta sufuria akapika supu ya viazi. Walikula pamoja. Alipoondoka alisema, "Makaa hakuna, nimeandika," na Elwin, mtu wa miaka sitini na sita, alilia mpaka moto ukawa majivu.

Mtadhani Machi iliyofuata aliacha kumteua. Hakuacha. Aliinuka vile vile, akasema maneno yale yale, ila kejeli ilikuwa imekwisha kumtoka na watu hawakucheka tena, walinyoosha mikono tu. Alijiambia ni desturi. Kila Oktoba Orrin alikuja, wakazungumza habari za ng'ombe na magoti yanayouma, na kila Machi Elwin alijiambia mwaka huu nitasimama niombe radhi mbele ya mji, kwa kuwa nilimdhihaki mbele ya mji, na kila Machi alipofika kwenye maneno hayo akayaruka, akamteua, akaketi. Miaka kumi na saba mingine ikapita hivyo. Ni aibu, na nimeandika kwamba ni aibu.

Kuhusu ugonjwa, mwezi Mei 2007 madaktari waligundua kwamba moyo wa marehemu umechoka, akapewa dawa na kukatazwa kupasua kuni, dawa alimeza. Oktoba iliyopita alipita nyumba zote akiwa na Dale wa kumbebea mizani. Tarehe 9 Februari mwaka huu alishikwa na nimonia, akapelekwa hospitali ng'ambo ya mto, na Jumapili tarehe 15 Elwin alikwenda kumwona, Thelma akatoka akasema anatafuta kahawa, na hakurudi kwa saa nzima.

"Kaka," Elwin akasema, "siku ile kwenye mkutano ulisema umesikia. Kwa nini hukutuambia tu kwamba hutafanya?"

"Hukuniuliza, Elwin. Uliniagiza."

"Na ningekuuliza?"

Alipumzika kwanza, pumzi zilikuwa kidogo. "Ningekuambia habari za yule mzee wa kiti cha 89. Miaka saba namtazama na mikoba yake. Watu elfu thelathini na tano, upawa mmoja. Sisi arobaini na saba, upawa mmoja. Nilikuwa naona haya kula."

Elwin akamwambia kwamba Machi hii atasimama, ataeleza yote, na jina la Orrin litaondolewa kwenye ule upuuzi wa makaa. Orrin akacheka mpaka akakohoa. "We acha. Unataka kunifukuza kazi uzeeni? Ile kazi naipenda. Bungeni nilikuwa najua majina ya watu, sikuwa najua nani anasikia baridi." Kisha akasema, "Ila na wewe ungeniuliza mapema, tungeokoa lile banda."

Alhamisi tarehe 19 Februari 2009, saa kumi na dakika ishirini alasiri, Orrin Leland Cutting aliaga dunia akiwa na miaka themanini na saba, Thelma akiwa amemshika mkono wa kulia, siku kumi na mbili kabla ya Mkutano wa Mji. Ardhi ilikuwa imeganda futi nne, kwa hiyo jeneza lake likawekwa katika nyumba ya mawe pale makaburini, pamoja na wengine wa majira ya baridi, kusubiri udongo ulegee. Ndiyo maana tunamzika leo.

Kuanzia hapa siwezi tena kumwandika Elwin kama mtu mwingine.

Jumanne tarehe 3 Machi nilikwenda kwenye mkutano kwa sababu sikujua mahali pengine pa kwenda. Nilifungua kitabu cha mwaka cha mji, kilichokuwa kimechapishwa kabla hajafa, nikatafuta mstari wake baina ya barabara na makaburi. Safari hii ilikuwa mistari miwili. "Makaa yaliyopimwa mwaka huu, hakuna. Bomba la moshi la Elwin lina ufa, mtu amwangalie."

Arlene akaita mkagua uzio, tukachagua. Akaita mpima mbao, tukachagua. Akaita mpima makaa, na ukumbi mzima ukageuka kunitazama, maana ilikuwa zamu yangu kusema, ilikuwa zamu yangu kwa miaka arobaini na mitatu. Nilisimama. Nilisema kwamba nilimpa kaka yangu kazi ile ili nimdhalilishe, na kwamba mbele ya mji huu huu naomba radhi, kwake yeye ambaye hanisikii, na kwa Thelma ambaye alinisikia kila mwaka. Kisha nikasema, "Nami naomba mnipe mimi hiyo nafasi." Mtu hajiteui mwenyewe Hallam, si ustaarabu wetu, na Arlene aliuliza kama yuko wa kuniteua. Shemeji Thelma, ambaye mwaka 1965 hakunyoosha mkono, aliunyoosha. Arlene akauliza wanaokubali waseme, na ukumbi ukajibu kwa pamoja lile neno lililonifanya nimchukie kaka yangu, "Ndiyo," na nilipolisikia ndipo nilipojua jinsi lilivyokuwa zito mdomoni mwake siku ile, akiwa amesimama peke yake, na sisi watano tumemkodolea macho kutoka juu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia tangu 2007, hasa yule muuguzi wa zamu ya mchana aliyemruhusu kupima uzito wa sahani yake ya chakula kwa mkono na kutangaza kuwa umepungua. Tunawashukuru wabunge wastaafu mliokuja, najua mmebaki wachache na safari ni ndefu, na leo msiondoke bila kula, chini kuna maharage, nyama ya nguruwe na pai za kutosha. Tunawashukuru majirani mliochimba kaburi kwa mikono yenu katika tope hili, na wale waliokuja nyumbani kwangu wiki moja baada ya mkutano kubadilisha bomba la moshi bila kuniuliza.

Oktoba nitapita na mizani. Msiniambie nyumba yenu haina makaa, nitaingia nihakikishe. Orrin, kaka yangu, uliyetangulia asubuhi kuwasha jiko ili sisi tukute pana joto, sasa pumzika, pumzika kwa amani, makaa nitapima mimi.